Mama Pasi na Kona ya Mbao

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani, nyuma ya usukani, sogeeni karibu. Leo sina haraka, na ninyi naomba msiwe na haraka. Mwenye sufuria motoni apunguze moto, arudi akae.

Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mmelalia shuka alizozinyoosha, na hamkujua. Mama Pasi. Mama Pasi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Hatunaye tena. Alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, mchana, mumewe akiwa uani anaziba tairi la baiskeli.

Mama Pasi alikuwa mkimbiaji. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: dobi wa hospitali, mkimbiaji wa Mbio za Mnara. Mbio za Mnara mnazijua. Zinaanzia getini uwanjani, zinapanda barabara ya lami hadi kwenye mnara wa maji, zinauzunguka, zinarudi pale pale uwanjani. Mama Pasi alizishinda alipokuwa kijana. Kisha akaziacha, miaka mingi. Kisha, akiwa ameshastaafu, magoti yanalia kama bawaba za mlango, akarudi.

Na hakurudi kutafuta kikombe. Alirudi kumtafuta mdogo wake.

Hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Dada wawili, barabara moja, na jambo ambalo hawakuwahi kuulizana.

Juzi nilikwenda nyumbani kwake. Mumewe ni fundi baiskeli. Ukutani kwao kumetundikwa magurudumu, mengine mazima, mengine yamepinda kama namba nane. Alinifutia kiti kwa kitambaa, akakitazama kile kitambaa, akaona kina grisi, akakifuta tena kiti kwa shati lake. Nikakaa. Nikamwuliza jina la Mama Pasi lilitoka wapi, maana wanawe wana majina yao na hakuna anayeitwa Pasi.

Akacheka kidogo. Akasema, "Kule kazini kulikuwa na pasi moja kubwa ya mvuke. Ilikuwa inafoka. Wenzake wote wanaikimbia. Yeye akaizoea, akawa anaongea nayo. 'Tulia, wewe. Tulia nimalize shuka langu.' Wakamwita Mama Pasi kabla hajapata hata mtoto. Basi na mimi nikaoa pasi. Mwanangu, sijavaa shati lenye kunyanzi tangu siku ile. Fundi baiskeli gani anakwenda kazini shati limenyooka hivyo? Wateja walikuwa wananiuliza kama nina kesi mahakamani."

Akakunja mkono wa shati lake. Lile shati lilikuwa na kunyanzi.

Wasikilizaji wapendwa, mdogo wake Mama Pasi ni mwoka mikate. Ana duka dogo mtaa wa nyuma tu kutoka kwa dada yake. Walizaliwa nyumba moja, wakalala kitanda kimoja. Mwoka mikate aliniambia hivi, huku anachomoa trei, bila kunitazama:

"Kwetu mkubwa alikuwa mkubwa. Dada akisema 'niachie ukuta', nahama, nalala ukingoni. Akisema 'niachie kiti', nainuka. 'Niachie dirisha', nampisha. Sikuona vibaya. Ndivyo tulivyolelewa. Na yeye pia alikuwa ananipa. Kipande cha mkate chenye ganda kilikuwa changu siku zote. Alijua napenda ganda."

Walianza kukimbia kwa sababu ya kazi. Mama Pasi alikuwa anaingia hospitali alfajiri. Mdogo wake alikuwa ameajiriwa kwenye tanuri la mkate, na yeye alfajiri. Njia moja. Wakawa wanakwenda mbio, viatu vya kazi mkononi. Mwoka mikate anasema siku za kwanza waliwatia watu hofu. Mabinti wawili wanatoka nduki gizani! Siku moja baba mmoja alijiunga nao, akakimbia hadi kwenye daraja, jasho linamtoka. Pale darajani akawauliza, "Jamani, mwizi mwenyewe yuko wapi?"

Dada alikimbia kushoto. Mdogo alikimbia kulia. Hawakupangiana. Ilitokea tu, ikawa hivyo. Mama Pasi kushoto, mdogo wake kulia.

Kutoka hapo wakaingia Mbio za Mnara. Mama Pasi akashinda. Mwaka uliofuata akashinda tena. Mdogo wake akawa wa pili, na tena wa pili. Watu wa uwanjani wakazoea: wa kwanza Mama Pasi, wa pili mdogo wake, wengine ndio waanze kugombana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Ulifika mwaka ambao mdogo mtu alikuwa ameiva. Kila mtu aliliona hilo. Walizunguka mnara bega kwa bega, wakateremka bega kwa bega. Wanawake wengine walikuwa mbali nyuma, vichwa tu vinaonekana. Wakafika Kona ya Mbao, pale wanapouza mbao, ukikata tu unaliona geti la uwanja. Kichomi kikamshika Mama Pasi ubavuni. Akajishika. Pumzi hana. Akamwambia mdogo wake neno moja. Neno moja tu.

Mdogo wake akageuka, akamtazama. Halafu, badala ya kwenda, akapunguza mwendo. Akapunguza mpaka akawa kama mtu anayetembea kwenda sokoni. Mama Pasi akampita, akaingia uwanjani, akakata utepe.

Watu walipiga vigelegele. Mama Pasi hakuinua mikono.

Mumewe anasema, "Alirudi nyumbani, akakisukuma kile kikombe chini ya meza ninapoweka pampu. Nikamwuliza, kulikoni mama? Akaniambia, 'Amenihurumia. Mbele ya mji mzima. Amenipa ushindi kama mtu anavyompa mtoto pipi.' Nikamwambia, basi mwulize. Akasema, 'Mimi ndiye nimwulize? Yeye ndiye aje aniambie.'"

Na mdogo wake? Yeye aliamini kitu kingine kabisa. Nanukuu maneno yake. "Mimi nilijua dada ameniomba nimpishe. Nikampisha, kama siku zote. Lakini nilikwenda nyumbani moyo unawaka. Nikasema, dada, hata huu? Yote umeshinda wewe, na huu mmoja bado unauomba?"

Mmeelewa, wasikilizaji wapendwa? Mkubwa aliamini amehurumiwa. Mdogo aliamini ameombwa. Mmoja alisubiri aombwe radhi. Mwingine alisubiri aambiwe asante. Na hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata Mama Pasi hakukimbia. Mdogo wake naye hakukimbia.

Msidhani waligombana. Hapana. Salamu zilikuwepo. Mama Pasi alinunua mkate pale pale kwa mdogo wake. Watoto walipozaliwa, mdogo alikuja kubeba, kuosha, kufua nepi. Lakini mbio hazikutajwa. Mume wa Mama Pasi anasema mama mzazi wa dada hao alipofariki, wawili hao walikunja shuka zake. Shuka kubwa linakunjwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, mnakwenda mkikutana. Walikutana katikati, vidole vikagusana. Mmoja akasema, "Asante." Mwingine akajibu, "Asante na wewe." Kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta.

"Nikajua hawa wana donda," anasema yule mzee. "Lakini mimi ni shemeji mtu. Ningeingilia vipi? Ningeambiwa niende nikapulize tairi zangu."

Miaka ikaenda. Watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa. Mama Pasi akastaafu. Siku ile ya mwisho kazini alizima ile pasi kubwa mwenyewe, akaipigapiga juu kama mtu anayemuaga mnyama. Akarudi nyumbani, akakaa. Kukaa kukamshinda.

Asubuhi moja akamwambia mumewe, "Mzee, nataka kukimbia Mnara."

"Mnara upi?"

"Wa maji. Kuna mwingine?"

"Unafukuzwa na nani?"

"Sifukuzwi. Nenda kanitilie mafuta baiskeli yako, utakuwa unanifuata na maji."

"Mama watoto, ukianguka mimi nitakubebaje? Baiskeli haina kiti cha nyuma."

"Basi kaweke kiti."

Akaweka kiti. Nimekiona. Bado kipo.

Kisha Mama Pasi akaenda kwenye duka la mikate. Mdogo wake anaikumbuka siku hiyo. Alikuwa anakanda unga, mikono hadi kwenye viwiko. Dada yake hakuomba mkate. Alisimama tu pale kwenye meza.

"Nimekuja kukuchukua," akasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Mnara."

Mdogo mtu akaendelea kukanda. "Dada, mimi nina goti."

"Goti lako ni mtoto kwa langu."

"Nina duka."

"Duka linafungwa. Funguo zilitengenezwa kwa ajili hiyo."

Hapo mdogo mtu akalitupa lile donge la unga mezani, akasema neno ambalo anasema analijutia. Alisema, "Nenda tu, dada. Nenda kashinde. Si umezoea?"

Mama Pasi akatoa hela. Akanunua mkate mmoja, akaondoka. Nyumbani akamwambia mumewe, "Nataka mimi na mdogo wangu tuvuke ile kona pamoja mara moja kabla sijafa. Mara moja tu. Nimwone usoni, nijue kwa nini alinifanyia vile." Hicho ndicho alichokuwa anakitaka, wasikilizaji wapendwa. Si kikombe. Kuvuka ile kona na mdogo wake, na kujua.

Akaanza mazoezi peke yake. Kila asubuhi alipita mbele ya duka la mikate, polepole, shati limenyooshwa, mumewe nyuma kwenye baiskeli anayumba kwa sababu mwendo ule ulikuwa wa chini mno kwa baiskeli. Wapita njia waliwatania. "Mzee, mbona umeshindwa kumpita bibi?" Naye anajibu, "Nimeshindwa tangu nimemwoa!"

Mwoka mikate alikuwa anawatazama kupitia dirishani. Hakutoka. Lakini kuna kitu alikiona. Aliniambia taratibu, ikabidi niinamishe kichwa ili nisikie.

"Alikuwa anakimbia kushoto. Barabara yote tupu, hakuna gari, hakuna mtu, yeye amejibana kushoto, anakanyaga ukingo wa lami. Kulia ameacha wazi. Nikasema labda leo tu. Kesho yake vilevile. Kesho yake tena. Ile nafasi ilikuwa yangu. Nikavua aproni, nikakaa juu ya gunia la unga, nikalia mpaka mikate ikaungua."

Siku ya mbio, Mama Pasi alikuwa amesimama nyuma kabisa ya wakimbiaji, namba kifuani, anajinyoosha mgongo. Akasikia mtu anasimama kulia kwake. Hakugeuka. Alisikia harufu ya mkate.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa nazima tanuri," mdogo wake akajibu. Nyusi zake zilikuwa bado na unga.

Bunduki ikalia. Vijana wakaondoka kama maji ya bomba lililopasuka. Wao wakaondoka kama wao. Mumewe alikuwa pembeni na baiskeli, anapiga kengele kila akikumbuka. Wakafika mnarani wakiwa wa mwisho. Nyuma yao lilikuwepo gari la wagonjwa tu, linatambaa. Hawakuzungumza. Mwoka mikate anasema walikuwa wanasikilizana pumzi, kama zamani, na hiyo ilimtosha.

Wakateremka. Wakafika Kona ya Mbao.

Sasa hapo, wasikilizaji wapendwa, Mama Pasi pumzi ikamwishia. Hakuna cha ajabu, umri ule. Akajishika ubavu. Akaona anamchelewesha mdogo wake. Akamwambia neno moja.

Mwoka mikate akasimama palepale, kama mtu aliyegonga ukuta.

"Umesema nini?"

"Nimesema niache! Niache, nenda! Unasimama nini?"

"Dada. Mwaka ule. Hapahapa. Ulisema nini?"

"Nilisema hivyohivyo. Niache. Kichomi kilinishika, nikakwambia niache, nenda kashinde. Wewe ukasimama kunionea huruma!"

Mdogo mtu akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mimi nilisikia niachie."

Sikilizeni tena, maana nataka hata aliye mbali na redio asikie. Niache. Niachie. Mmoja anasema, niache nyuma, wewe nenda, ushindi ni wako. Mwingine anasikia, niachie mimi, ushindi uwe wangu. Katikati yake kuna herufi moja, na pumzi iliyokatika. Yule aliyelelewa na 'niachie ukuta' na 'niachie kiti' angesikia nini kingine?

Walisimama katikati ya barabara. Mama Pasi akasema, "Yaani ulidhani nimekuomba?" Mdogo wake akasema, "Yaani ulidhani nimekuhurumia?" Kisha wakaanza kulaumiana kwa sauti ya juu, wanalia na kucheka humo humo. "Na wewe kwa nini hukuuliza?" "Na wewe je, mdomo ulikuwa umeshonwa?" "Mimi ni mkubwa!" "Ndiyo maana ulipaswa kuanza!"

Dereva wa gari la wagonjwa akashusha kioo. "Mama zangu, mnaumwa?"

"Hatuumwi!" wakajibu wote. "Tunaongea!"

"Basi ongeeni mkitembea, jamani. Wanataka kufungua barabara."

Wakaenda. Sasa geti likaonekana. Uwanja ulikuwa umeshaanza kutawanyika, meza zinakunjwa, mwenye kipaza sauti anatafuta kofia yake. Hatua chache kabla ya mstari, Mama Pasi akasimama. Akamsukuma mdogo wake mgongoni. "Tangulia."

"Tuingie wote, dada."

"Sitaki wote. Nilikwambia nini mwaka ule? Nilikwambia uende. Hujaenda mpaka leo. Nenda."

Mwenye kipaza sauti akawaona. Akatangaza, "Kina mama, vukeni basi, na sisi tuna nyumba zetu!" Mzee akapiga kengele ya baiskeli bila kuacha. "Shemeji, nenda! Nenda, shemeji!"

Mwoka mikate akakimbia. Alikimbia kweli, goti na yote, akavuka mstari ameinua mikono juu. Utepe haukuwepo, ulishakunjwa zamani. Na Mama Pasi akiwa bado nje ya mstari, mwanamke aliyezoea kuwa wa kwanza pale, alipiga makofi mpaka mikono ikamuuma. Kisha ndipo akavuka. Wa mwisho kabisa. Mumewe anasema hajamwona akiwa na furaha ya namna ile, si siku ya harusi, si siku za watoto. "Siku ya harusi alikuwa na wasiwasi na shati langu," anasema.

Baada ya hapo dada hao hawakupitisha siku bila kuonana. Alasiri Mama Pasi alikwenda kukaa kwenye benchi mbele ya duka la mikate. Kwenye mbio walirudi mara moja zaidi, wakatembea nusu ya njia, wakapiga soga nusu nyingine. Kisha moyo wa Mama Pasi ukaanza kuchoka. Daktari akamkataza mlima. Akawa hatoki sana. Mdogo wake akawa anamletea mkate, wanakata, wanagombania ganda. Mchana ule wa wiki iliyopita alijilaza apumzike. Mumewe akamwita mara mbili kutoka uani amshikie tairi. Hakuitika.

Kwa familia, kwa niaba ya redio hii na wasikilizaji wake wote, natoa pole. Pole mzee wetu, fundi baiskeli. Poleni watoto na wajukuu. Poleni wenzake wa chumba cha kufulia, mliobaki na ile pasi inayofoka. Na wewe mama yetu, mwoka mikate, pole sana. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe Mama Pasi mahali pema.

Nilipokuwa naaga dukani, nilimwambia mwoka mikate ashukuru, maana walipatana kabla dada yake hajafariki. Nilidhani ni neno la faraja. Akafuta mikono kwenye aproni, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nashukuru," akasema. "Kila mtu ananiambia nishukuru, nami nashukuru. Lakini mwanangu, ile miaka mingine nitaidai kwa nani? Hakuwa ng'ambo. Alikuwa mtaa wa nyuma. Ningevua aproni, ningevuka barabara, ningemwuliza, 'Dada, ulisema nini?' Kabla chai haijapoa tungekuwa tumeshamaliza."

Nilichukua mkate wangu nikaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, huenda kuna mtu uliyemsikia vibaya zamani. Au aliyekusikia vibaya. Ndugu, jirani, mwenzako wa kazini. Mnasalimiana vizuri tu, lakini kuna kona moja hamuivuki. Usingoje sikukuu, usingoje msiba. Sasa hivi naweka muziki, muziki mrefu usio na maneno. Usikae kunisikiliza mimi. Inuka, vaa viatu, nenda kamwulize. Redio itaimba peke yake.